Miaka sita ya Kingereza, na karatasi ya dawa inatushinda

Jioni moja hapa Kindu tulikuwa tumeketi kwa jirani yetu, komine ya Kasuku, tukizungumza habari za muji. Mtoto wake mdogo, mwenye mwaka mmoja na miezi sita, alikuwa anakohoa tangu siku tatu. Mama wa nyumba alirudi kutoka farmasi na siro moja ndani ya kisanduku. Ni zile dawa zinazotoka mbali: karatasi yote Kingereza, Kifransa hakuna hata mstari mmoja. Muuzaji alimwambia tu: «Utamupa kijiko asubui na mangaribi.» Lakini yule mama si mtu wa kukubali bure. Alimwita mwana wake mkubwa, finaliste anayetayarisha Exetat, akamwambia: «Papa, wewe ndiye unasomaka Kingereza. Tusomee kwanza.»

Kijana alikunjua ile karatasi karibu na taa. Alisoma kwa sauti nzuri, bila kukwama, mpaka akafika mstari huu: «Do not give to children under two years unless advised by a doctor.» Akainua kichwa, akaeleza: «Mama, wanasema umupe mutoto mbili, vile docteur anashauri.»

Mama alikuwa tayari na kijiko mkononi. Mmoja wetu akasema: «Mwanangu, rudia polepole. Kila neno, utuambie kwa Kiswahili.» Akaanza tena. «Do not give, usipe.» Akanyamaza kidogo. «Children, watoto. Under, chini.» Tukamwuliza: «Chini ya nini?» «Chini ya miaka mbili... Aaa! Mama, ngoja kwanza!» Kile kijiko kilirudi mezani. Neno «unless» hakulijua hata kidogo. Tulimwelezea sisi kwamba ni «isipokuwa». Kesho yake asubui mtoto alipelekwa kwa muganga.

Hatukumcheka yule kijana. Wengi kati yetu tulikaa kwenye mabanko kama yake, tukatoka na Kingereza kama chake. Maneno makubwa aliyajua yote: «give», «children», «two», «doctor». Yaliyomshinda ni madogo: «not», «under», «unless». Na katika mstari ule, hayo madogo ndiyo yaliyokuwa yanabeba maana yote. Hiyo ndiyo gramere. Watu wengi wanazani gramere ni kitu cha kutafuta pointi kwenye buletini. Usiku ule ilikuwa kitu cha kujua kama mtoto anakunywa dawa ao hapana.

Basi tunataka kusema wazi jambo moja kwa walimu, kwa wazazi na kwa wakubwa wa masomo ndani ya Maniema. Kingereza tunakipitisha kwa njia ya Kifransa peke yake, tunakipima kwa majibu ya kuchagua, na Kiswahili, lugha ambayo mtoto anafikiri ndani yake, tunakiacha inje ya mlango wa darasa. Tunaomba kiingizwe ndani. Kijana wa jirani alisikia maana ya ile karatasi siku alipoambiwa aiseme kwa Kiswahili, na haikuchukua dakika mbili.

Namna tunavyofundisha

Mtoto anaanza Kingereza mwaka wa saba wa éducation de base, na anaendelea nacho mpaka mwaka wa nne wa humanités. Ni miaka sita. Ndani ya hiyo miaka, madarasa mengi ya hapa kwetu yana kitabu kimoja, cha mwalimu. Mwalimu anajaza ubao: kichwa cha somo, kanuni kwa Kifransa, mifano mitatu ya Kingereza, kisha exercice. Wanafunzi sitini ao sabini wanakopi. Kengele inalia. Mwalimu anafuta ubao na kwenda darasa ingine kufanya vilevile. Tangu masomo ya msingi yafanywe bure mwezi wa 9 wa 2019, watoto wameongezeka sana, na wale wa wakati ule wanaanza sasa kufika sekondere. Tusimtupie mwalimu mzigo wote. Anafanya kazi na chaki na sauti yake.

Kisha inakuja Exetat. Siku ya lugha, mwanafunzi anapewa texte na maulizo, na anachagua jibu moja kati ya majibu yaliyoandikwa tayari. Kila mtu aliyepita pale anajua ujanja wake: unatafuta neno la ulizo, unaliona ndani ya texte, unachagua jibu lenye neno lilelile. Huna haja ya kusikia kitu. Chukua mstari kama huu: «The fisherman did not sell his fish in Kindu because the boat arrived late.» Ulizo: mvuvi aliuza samaki wapi? Kati ya majibu kuna «in Kindu». Mwanafunzi anaona Kindu juu, anaona Kindu chini, anafurahi, anatia alama. Amekosa, sababu hakuona «did not». Wakati mwingine ule ujanja unaleta pointi, na hapo ndipo hatari inapoanzia: mtoto anatoka na diplome akizani anajua kusoma.

Kiswahili kinajua tayari

Tuingie sasa ndani ya gramere yenyewe, sababu hapo ndipo tunaona hasara kubwa.

Mwalimu anafundisha nyakati za Kingereza kwa kuzilinganisha na za Kifransa. Anaandika «I ate», anaandika kandokando «j'ai mangé». Juma linalofuata anaandika «I have eaten», na kandokando tena «j'ai mangé». Mwanafunzi anauliza: «Mwalimu, tofauti ni nini?» Mwalimu anatafuta maneno, anazungukazunguka, anasema: «Utazoea.» Lakini yule mtoto tofauti anaijua tangu akiwa na miaka mitatu! Kwao anasema «nilikula jana kwa shangazi», na anasema «nimesha kula» pale anapokataa sahani. «Nilikula» ni ya jana, imekwisha, ina siku yake. «Nimekula» inaonekana leo ndani ya tumbo. «I ate», nilikula. «I have eaten», nimekula. Ao «I have not eaten yet», sijakula bado. Kifransa cha kila siku kinachanganya hizo mbili ndani ya neno moja, Kiswahili kinazitenga. Kwa nini tumpitishe mtoto pale ambapo njia ni nyembamba, wakati barabara iko mbele ya nyumba yao?

Chukua tena «I am reading» na «I read». Kwa Kifransa yote mawili yanaweza kuwa «je lis». Mwanafunzi anachanganya, anaandika «I am read», anaandika «I reading». Sasa sikiliza namna tunavyosema sisi wenyewe hapa Kindu. Ukiita mtoto wakati ana kitabu mkononi, anajibu: «Niko nasoma.» Ukimwuliza kama ana zoezi ya kusoma, anajibu: «Nasomaka kila siku.» «Niko nasoma», neno kwa neno, ni «I am reading»: niko, kisha nasoma. «Nasomaka» ni «I read every day». Kiswahili cha barabarani, kile walimu wengine wanakidharau na kusema ni kibovu, kimejenga hiyo tofauti vilevile kama Kingereza. Mwalimu angeandika tu hayo maneno mawili ubaoni, somo la wiki mbili lingechukua saa moja.

Na ile «s» ya «he goes» inayosahauliwa na wote? Mwambie mwanafunzi kwamba kwa Kiswahili hawezi kusema «yeye nakwenda». Lazima ageuze mwanzo wa neno, aseme «anakwenda», sababu mtu amebadilika. Kingereza kinageuza mwisho, na kinageuza kwa yule mmoja tu. Mtoto ataishika, sababu anaona ni kazi ileile.

Pale Kiswahili kinatudanganya

Hatutaki kusema kwamba Kiswahili kinafungua kila mlango. Kuna mahali kinampotosha mtoto, na hapo Kifransa kinamwokoa. Tunasema «kama ningekuwa na feza, ningenunua baiskeli». Ile «nge» iko mara mbili. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anaandika «If I would have money, I would buy a bicycle». Ni kosa. Kingereza kinataka «If I had money, I would buy», na hiyo inafanana na Kifransa: «si j'avais», kisha «j'achèterais». Hapo mwalimu aache Kiswahili, achukue Kifransa.

Kuna pia mahali ambapo zote mbili zinadanganya pamoja. Kiswahili kinasema «mama yake» bila kuonyesha kama ni ya mwanaume ao ya mwanamke. Kifransa kinasema «sa mère», na ile «sa» inafuata mama, haifuati mwenye mama. Kingereza kinafuata mwenyewe: mama wa kijana ni «his mother», mama wa binti ni «her mother». Ndiyo maana makaratasi ya wanafunzi wetu yamejaa «Paul and her mother». Vilevile sifa: Kiswahili kinasema «vitabu vikubwa», Kifransa «de grands livres», vyote viwili vinageuza sifa. Kingereza hakigeuzi, kinasema «big books», lakini mtoto anaandika «bigs books» kwa heshima ya lugha zake mbili.

Na maneno ya Kifransa yaliyovaa nguo ya Kingereza, hayo tuyaogope. Tumekwisha kuona barua za kuomba kazi zikianza na «I demand a job in your organisation». Mwandishi alitaka kusema «je demande». Alitaka kuomba kwa adabu. Lakini «demand» ya Kingereza ni kudai, ni kupiga ngumi juu ya meza. Alipashwa kuandika «I would like to apply». Mwenye kupokea ile barua hajui Kifransa cha mwandishi. Anaona tu mtu anayedai kazi kama deni. Ndivyo pia «library», ambayo si duka la vitabu, ni mahali pa kusomea na kuazima vitabu; na «actually», ambayo haisemi «kwa sasa», inasema «kwa kweli». Kwa miaka mingi, tangu wakati wa MONUC na kisha MONUSCO, vijana wa muji huu waliona namna kazi zilivyokwenda kwa wale waliojua kuandika ukurasa mmoja wa Kingereza bila makosa ya namna hiyo.

Kwa hiyo tunachoomba si kumfukuza Kifransa. Mwalimu wa Kingereza wa Kindu ana lugha tatu mkononi. Kwa kila kanuni achague ile inayofungua haraka.

Koma si mapambo

Kuna sehemu moja ya Kingereza ambayo karibu hakuna anayeifundisha: alama. Mwanafunzi anazani nukta na koma ni vitu vya kupumzikia sauti. Tuone mfano wa hapa kwetu, kwenye kivuko cha Lualaba, kati ya Alunguli na ng'ambo hii.

«The boys who had paid crossed the river.» Maana yake: vijana waliolipa walivuka, wengine, wale ambao hawakulipa, walibaki. Sasa tia koma mbili: «The boys, who had paid, crossed the river.» Maana yake: vijana wote walivuka, na wote walikuwa wamelipa. Maneno ni yaleyale, lakini mwenye mtumbwi ana feza nyingi zaidi katika mstari wa pili. Kifransa kina kanuni hiyohiyo, lakini ni wangapi kati yetu walifundishwa? Mwambie mtoto ageuze kwa Kiswahili, na utajua mara moja kama amesikia koma ao hapana.

Kubaya zaidi ni hesabu. Kwa Kifransa tunaandika 2,5 na tunasoma «mbili na nusu». Kingereza kinaandika 2.5, kwa nukta. Na koma ya Kingereza inatenga maelfu: 1,250 ni elfu moja mia mbili na makumi tano. Mtu aliyesoma kwa Kifransa akiona 1,250 anaweza kusoma moja na robo. Katika mkoa wetu, ambapo kasiterite inatoka Kalima na Punia, ambapo wafanya-biashara wanapokea karatasi za bei na za kilo kutoka inchi zinazoandika Kingereza, alama hiyo moja inatenga kilo moja na tani. Na katika karatasi ya dawa, nukta isiyoonekana vizuri inafanya 2.5 kuwa 25. Kila mwanafunzi angepashwa kuonyeshwa jambo hilo mara moja, akiwa na kalkulatere ya telefone yake, ambayo mara nyingi inaandika nukta mahali sisi tunaandika koma.

Tarehe pia: Waingereza wanaanza na siku kama sisi, lakini Wamarekani wanaanza na mwezi. Kwa karatasi ya Mmarekani, 05/08 ni tarehe 8 ya mwezi wa tano.

Mengine ni madogo lakini yanaonekana haraka. Kifransa kinaacha nafasi mbele ya alama ya ulizo na mbele ya nukta mbili; Kingereza hakiachi. Kifransa kinaandika «lundi», «mars», «anglais» kwa herufi ndogo. Kingereza kinaandika «Monday», «March», «English» kwa herufi kubwa, na «I» ni kubwa siku zote, hata katikati ya mstari. «It's» yenye alama juu ni «it is». «Its» bila alama ni «yake». Mwenye kusoma barua ya kuomba kazi anaona hayo mbele ya kusoma diplome.

Kusoma ni kueleza

Sasa kazi yenyewe. Hatuombi feza, sababu tunajua jibu. Tunaleta njia ambayo mwalimu anaweza kuanza nayo Siku ya Kwanza asubui, na texte ya mistari kumi juu ya ubao.

Kwanza, wanafunzi wasome kimya. Kisha mwalimu afunike texte na kitambaa, ao aigeuzie mgongo, na aulize mmoja: «Wanasema nini?» Mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili, kwa maneno yake, kama anavyoeleza habari nyumbani. Mwingine amsahihishe. Hapo mwalimu atajua katika dakika tano nani amesikia na nani alisoma sauti tu. Hakuna ujanja wa kuchagua jibu hapo.

Pili, afunue texte, na waende kutafuta watu. Kila «he», kila «she», kila «it», kila «they»: ni nani? Ni kitu gani? Wachore mstari kutoka kwa neno dogo mpaka kwa jina lake. Kiswahili hakina «he» na «she», kwa hiyo watoto wetu wanaruka maneno hayo kama mashimo ya barabara. Texte nyingi zinapotea hapo.

Tatu, watafute maneno yanayogeuza njia: «but», lakini, «although», ingawa, «unless», isipokuwa, «until», mpaka, «however», hata hivyo, «instead of», badala ya, «only», tu. Ni machache. Wayaandike nyuma ya kaye, pamoja na Kiswahili chake, na wayajue kama wanavyojua meza ya kuzidisha. Yule finaliste wa jirani alikuwa na mamia ya maneno kichwani, na hilo moja la «isipokuwa» ndilo lilipungua.

Nne, na ya mwisho tu, maulizo ya Exetat. Mwanafunzi asichague jibu mpaka aonyeshe na kidole mstari uliompa hilo jibu, na aseme kwa nini mengine si ya kweli. Atafanya maulizo machache kwa saa moja, ndiyo. Lakini atakuwa ameyasoma.

Wanaotupinga

Tunajua watakaosema hapana. Mwalimu mmoja atasema: lugha inafundishwa kwa lugha yenyewe, Kingereza kwa Kingereza. Ni neno zuri mahali ambapo kuna vitabu, kuna radio, kuna darasa la watoto ishirini na mwalimu anayezungumza Kingereza siku nzima. Hapa, darasa la «Kingereza kwa Kingereza» mara nyingi linakuwa darasa la kurudia kama kasuku. Tutazame majirani. Tanzania watoto wanasoma masomo ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondere wanatupwa ndani ya Kingereza karibu kwa kila somo, na wengi wanakwama pale. Rwanda mwaka wa 2008 ilitoka Kifransa ikaingia Kingereza, na walimu waliamka wakipashwa kufundisha kwa lugha ambayo wengi wao hawakuijua. Kuzungushwa na Kingereza kutoka asubui mpaka jioni hakuleti kusikia, kama hakuna mtu anayekufungulia maana.

Mzazi mwingine atasema: Kiswahili mtoto anakijua, mimi ninalipa feza juu ya lugha za wazungu. Papa, mama, tunakusikia. Lakini feza yako inapotea pale mtoto anapokopi asichosikia. Bado kuna masomo ambapo mtoto anayesema Kiswahili darasani anapewa azabu. Mtoto aliyekatazwa kuuliza kwa lugha yake hajifunzi lugha ya watu, anajifunza kunyamaza.

Na mkaguzi atauliza kama inaruhusiwa. Inaruhusiwa. Katiba ya tarehe 18/02/2006, katika kipengele chake cha kwanza, inaita Kiswahili lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, hata kama Kifransa ndicho lugha ya serikali. Sheria ya tarehe 11/02/2014 juu ya masomo inakubali lugha za taifa zitumikishwe katika kufundisha. Hatuombi kuvunja sheria, tunaomba ifuatwe.

Wengine wataona kwamba hii yote ni mambo madogo kwa inchi yenye vita na njaa. Lakini Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka wa 2022. Mkataba wa Jumuiya hiyo, uliotiwa sahihi Arusha mwaka wa 1999, ulitaja Kingereza kuwa lugha ya kazi za Jumuiya, na Kiswahili kuwa lugha ya kukuzwa ili watu wazungumze pamoja. Wana-Maniema wana hicho cha pili tangu zamani. Kiswahili kilifika Kasongo na Nyangwe mbele ya Wabeleji. Kijana wa Mombasa ao wa Arusha ana zote mbili. Wa Kindu ana Kiswahili, ana Kifransa, na angeweza kuwa na tatu, akiwapita wale. Kinachokosekana ni mlango kati ya ile anayoijua na ile anayoitafuta.

Tunachoomba

Kwa walimu wa Kingereza: mara moja kwa juma, texte moja, ielezwe kwa Kiswahili mbele ya maulizo. Na kila wakati mnapofundisha wakati wa kitenzi, andikeni nguzo tatu ubaoni: Kingereza, Kifransa, Kiswahili. Wanafunzi wataona wenyewe ni ipi inayofanana.

Kwa maprefe na wakaguzi: mnapoingia darasani, msiangalie tu kama kaye ya matayarisho imejazwa. Chagueni mwanafunzi mmoja wa nyuma, mumwulize texte ya leo inasema nini. Jibu lake ndilo ripoti.

Kwa chuo kikuu chetu cha Kindu, na kwa wanafunzi wanaotafuta kichwa cha kazi ya kumaliza masomo: sisi hatujaona kitabu kidogo cha gramere ya Kingereza kinachoanza na Kiswahili chetu cha Maniema, na «niko nasoma» na «nasomaka» zake. Kiandikeni. Kurasa makumi tano zinatosha kuanza, na fotokopi itafanya ingine.

Kwa wazazi ambao hawajui Kingereza: mna kazi kubwa zaidi ya wote, na mnaiweza. Mtoto akirudi nyumbani na somo la Kingereza, msimwulize alipata ngapi. Mwambieni: «Nielezee.» Kama hawezi kueleza kwa Kiswahili, hajasikia, hata kama ana kumi juu ya kumi. Yule mama wa Kasuku hakusoma Kingereza hata siku moja, lakini ndiye aliyekataa kutoa kijiko mpaka asikie maana.

Mtoto wake amepona. Kaka yake ameandika neno «unless» na kalamu nyekundu juu ya ukuta wa chumba chake, na chini yake «isipokuwa». Mama alikasirika juu ya ukuta. Sisi tulimwomba auache hivyo mpaka Exetat ipite.